Haichaji, Haichajiwi, Haichajiki

Kitenzi kimoja kimebeba mizigo mitatu. Mwenye trekta akikuambia "haichaji," huenda anataka kusema alteneta haitoi kitu. Huenda anataka kusema betri haifikiwi na kitu. Au betri inafikiwa, inapewa, inabembelezwa, nayo haipokei. Simu za mkononi ndizo zilizotulemaza: simu haichaji, tunabadili waya, waya ukishindwa tunabadili chaja, wala hakuna anayeuliza nani alipaswa kumchaji nani. Kwenye trekta ya zamani uvivu huo hulipiwa. Mtu ananunua betri mpya, anaifunga kwa furaha, na baada ya siku chache stata inakoroma vilevile.

Dawa iko kwenye sarufi, na tumekuwa nayo tangu utotoni. Alteneta haichaji. Betri haichajiwi. Betri haichajiki. Kauli ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendeka: kila moja inamtuma fundi mahali pake.

Chukua mita. Injini ikiwa imezimwa, betri ya volti 12 iliyoshiba husoma karibu 12.6. Washa injini, ipandishe mwendo kidogo, pima tena palepale: sasa unatarajia 13.8 mpaka 14.4 hivi. Namba ikibaki kwenye 12 na kuzidi kushuka, betri haichajiwi. Hujajua bado ni kwa nini, lakini umeshaipata kauli. Hamisha mita upime kwenye nguzo ya alteneta yenyewe. Ukikuta 14 pale, alteneta inachaji na betri bado haichajiwi, basi mwizi yuko njiani: kiungo kimelegea, waya umelika, kutu imekaa katikati. Ukikuta namba ileile ya 12 au chini yake, alteneta haichaji. Na kama betri ilipewa 14 yake siku nzima, kisha ikapumzishwa saa chache ikarudi kwenye 11, hiyo haichajiki, na hapo ndipo pesa ya betri mpya ina haki ya kutoka mfukoni.

Najua wapo watakaolalamika kwamba chaji ni neno la kukopa. Limekopwa, ndiyo. Lakini neno lililokubali kuvaa -iwa na -ika limeshalipa deni. Mbadala wake wa kawaida ni kujaza, na kila siku tunasema betri imejaa bila kumkosea mtu. Ila kinachojazwa ni chombo, na kijana anayeiwazia betri kama ndoo huongeza maji ya betri akidhani ameongeza umeme. Kujaza tukuachie maji.

Nayaandika haya Gulfton, kusini-magharibi mwa Houston, mahali ambapo huwezi kupata hata ukanda wa ardhi wa kulima matuta mawili. Ni mtaa wa magorofa mafupi ya kupanga, yaliyojengwa miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya vijana waliofuata fedha za mafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980, vijana waliondoka, wakaingia watu wa Amerika ya Kati, kisha watu wa kila mahali. Leo kwenye maegesho ya magari utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira, cha Kigoma, cha Mombasa, na kile cha vijana waliokulia kambi ya Nyarugusu ambao hubadilisha lafudhi kufuatana na wanayezungumza naye. Baadhi yao hulima: Houston ina shirika, Plant It Forward, linalowapa wakimbizi, wengi wao Wakongo, vipande vya ardhi vya mboga ndani ya jiji. Wengine hupata vibarua nje, upande wa Fort Bend, kwenye mashamba ya nyasi ambako Ford 8N na Massey Ferguson 135 bado zinatembea. Trekta ikigoma huko, Viswahili vitatu vinne husimama kuizunguka, kila kimoja na majina yake. Kwa mpenda maneno, hiyo ni karakana na maktaba kwa pamoja.

Anza na moto. Kwa fundi wa Dar es Salaam au Mombasa, kinachopita kwenye nyaya za gari si umeme, ni moto. Waya una moto. Moto haufiki kwenye stata. Umeme wenyewe ulikuwa wa mawinguni kabla haujateremka kwenye nguzo, na Mkenya anao pia stima, neno lililoanza na meli za mvuke likaishia kwenye taa ya sebuleni. Mkongo husema kuran, kutoka Kifaransa. Sasa mwambie mtu wa Goma kwamba trekta haina moto: kwake moto ni pikipiki pia, na anayeiendesha ni motari. Atakutazama kwa huruma. Trekta ikawe na pikipiki kwa nini?

Hata hivyo moto nautetea. Linaonya, na lina ladha ya kazi. Ninachokataa ni kulifanya moto liwe jina la vitu viwili. Waya ulioliwa na kutu mpaka zikabaki nyuzi mbili tatu utaonyesha volti 12 kwenye mita, maana mita haiombi chochote. Ukiufungia stata, volti zinaporomoka. Waya huo una moto, hauna mkondo. Moto ndio unaosubiri, mkondo ndio unaofanya kazi. Tukiyatenga maneno hayo mawili, nusu ya mabishano pembeni ya trekta yatakwisha.

Neno lililonikosesha raha kuliko yote ni ethi. Ndilo la mafundi wengi wa Kenya na Tanzania, na wasomi wakitaka kulisafisha huliita ardhi. Majirani zetu wa hapa wanaozungumza Kihispania husema "tierra", ardhi vilevile. Wamarekani nao huita kwa jina la ardhi. Wote hawa wamekubaliana, na wote wamekosea, kwa sababu trekta imesimama juu ya mpira. Hakuna umeme wake unaokwenda ardhini. Unarudi betrini kwa kupitia chuma cha trekta yenyewe: injini, gia, mabano, bolti.

Anayesema kweli hapa ni Mkongo. Yeye amerithi kwa Wafaransa neno "masse", akaliita masi: lile bonge lenyewe, uzito wa chuma. Bahati mbaya ni kwamba Massey Ferguson nayo watu huikata ikawa Masi, kwa hiyo ukisema "masi ya Masi imekatika" unahitaji mkalimani. Lakini wazo ni sahihi, na wazo sahihi huelekeza mkono. Ukimwambia kijana ethi ni mbovu, anatazama chini. Ukimwambia mwili haupitishi, anatazama bolti iliyoshika waya mnene kwenye chuma, anaona rangi na kutu vimelala kati yao, anavikwangua. Basi napendekeza mwili: waya wa mwili, betri imefungwa mwilini, mwili haupitishi. Mafundi kadhaa tayari husema bodi. Hilo ni wazo lilelile likiwa na koti la kukodi.

Na mwili si lazima uwe hasi. Ford 8N, iliyotengenezwa mwaka 1947 hadi 1952, ilitoka kiwandani na umeme wa volti 6 na upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye chuma. Trekta nyingi za Uingereza za zama hizo zilikuwa hivyo pia. Fundi aliyezoea kwamba ethi na hasi ni kitu kimoja chenye majina mawili, akiifungia alteneta ya kisasa bila kuigeuza betri, huunguza dayodi kabla hajafunika boneti. Jina la mahali na jina la alama visichanganywe. Kuhusu hasi lenyewe siwezi kunyamaza: kuhasi ni kazi inayofanywa kwa fahali ili awe maksai wa kukokota plau. Trekta ilikuja kumpumzisha maksai, na jina la masaibu yake limeandikwa kwenye betri.

Kukokota, kwa njia, ndiyo maana ya trekta katika lugha ilikotoka. Kilatini kilikuwa na kitenzi cha kuvuta. Sisi tulikuwa na mkokoteni tayari, na mkokotaji lingetufaa. Lakini mitambo ilipoingia kwa wingi Kongwa na Nachingwea kwa mradi wa karanga wa mwaka 1947, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia, ilikuja na majina yake mfukoni. Mradi ulikufa mwaka 1951. Trekta, neno, halikufa. Mkokotaji silidai tena.

Sasa kwenye chombo chenyewe. Dainamo, jenereta, alteneta: watu huyatumia kana kwamba ni mtu mmoja aliyebadili mashati. Jenereta naliondoa mara moja, kwa sababu limeshachukuliwa na ile mashine inayopiga kelele nyuma ya duka umeme ukikatika. Dainamo ni halali kwa trekta kuukuu kweli, zile ambazo chombo chake hutoa mkondo wa upande mmoja moja kwa moja, na kwa taa za baiskeli. Alteneta ni ndugu mdogo wa dainamo mwenye tabia tofauti: ndani yake umeme huzaliwa ukigeukageuka, ndio ule mkondo geu wa vitabu vya fizikia, kisha dayodi sita huunyoosha kabla haujatoka. Tungeweza kuiita kigeugeu, na lingekuwa jina tamu, ila nani atanunua kigeugeu kwa fedha taslimu?

Jina basi libaki alteneta. Kitenzi chake ndicho ninachotaka tukibadili, na hatuna haja ya kukopa. Tanzania husema kufua umeme. Kidatu inafua, Mtera inafua, bwawa la Rufiji linafua. Kufua ni kufua chuma kwa mhunzi, kufua nguo kwa dobi, kufua nazi kwa mwenye kifuo; penye kufua pana nguvu ya mwili inayotoa kitu kutoka kwenye kitu. Injini inazungusha, mkanda unavuta, alteneta inafua. Kwa nini kitenzi kitumike kwa bwawa na kisishuke mpaka kwenye trekta? Niruhusu basi nirekebishe orodha yangu ya mwanzo: alteneta haifui, betri haichajiwi, betri haichajiki. Haichaji tuiachie simu. Wakenya watasema kuzalisha, nami sigombi. Lakini kuzalisha kuna harufu ya ripoti ya wizara, na kufua kuna jasho.

Mkanda hauna ubishi. Feni belti linasikika bado, lakini mkanda limeshinda, na vitenzi vyake vimekaa sawa: umelegea, unateleza, unalia. Mkanda unaolia ukiwasha taa umeshakueleza kila kitu.

Ndani ya alteneta mna vipande viwili vidogo vyeusi vinavyobana pete za shaba zinazozunguka, vikiipelekea rota mkondo wake. Tunaviita brashi. Kwa nini brashi, na havina hata unywele mmoja? Kwa sababu vya kwanza kabisa, karne ya 19, vilikuwa vifurushi vya nyuzi za shaba vilivyofagia kweli. Nyuzi zilitoweka, jina likabaki, nasi tukalipokea likiwa limeshazeeka. Leo ni kaboni iliyoshindiliwa, na mafundi wengine huita kaboni. Mimi ningesema makaa. Ni meusi, huacha unga mweusi, na hulika mpaka yakaisha. "Makaa ya alteneta yameisha" ni sentensi ambayo bibi yangu angeielewa nusu, na nusu hiyo ndiyo sahihi: yameisha, tafuta mengine.

Rota ni sumaku inayozunguka. Hapa Gulfton, ukivuka kuelekea Hillcroft, unaingia wilaya ya maduka ya Wahindi, na ukimtajia muuza vyombo sumaku anaweza kukujibu "chumbak" bila kushangaa, kwa kuwa neno letu na lake ni jamaa. Gari pia ni lake. Bahari ya Hindi ilishaliingiza hilo kwenye vinywa vyetu kabla magari ya injini hayajafika.

Kuna kitendo ambacho hatujakipa jina, nacho kinasumbua watu wengi. Sumaku ya rota haizaliwi na nguvu. Inahitaji mkondo mdogo wa kuianzisha. Kwenye alteneta nyingi mkondo huo hupita kwenye taa ya chaji, ile taa nyekundu ya dashibodi ambayo wengi hudhani kazi yake ni kutoa habari tu. Balbu ikiungua, alteneta nzima, yenye makaa mapya na dayodi timamu, inaweza kukaa kimya mpaka uipandishe injini mwendo wa juu. Dainamo nayo, ikikaa msimu mzima bila kazi, husahau usumaku wake, na fundi huigusisha waya wa betri kwa nukta moja ili ikumbuke. Wahandisi wa lugha nyingine husema kusisimua. Sisi tuseme kuamsha. Taa ya chaji ndiyo mwamshaji. Isipowaka ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, anza na balbu, si na alteneta. Nimeona jinsi neno hili linavyofanya kazi: mtu akisikia "haijaamshwa" huuliza papo hapo, "Nani alipaswa kuiamsha?" Swali hilo ni nusu ya utengenezaji.

Kuhusu rigileta sina hamasa. Kidhibiti ni sahihi, na kina suti. Watu waseme wapendavyo, mradi wajue kwamba kikishindwa kwa upande wa pili, namba itapanda kupita 15 na betri itachemka.

Betri nayo ina siri zake. Ndani yake mna risasi na tindikali. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka kwenye bunduki, Waarabu ndio waliotupa, na tindikali imebeba ukali wake mkiani. Unga mweupe unaoota kwenye nguzo huondolewa kwa maji ya magadi, kisha kwa msasa. Hapo simama kidogo: msasa ni mti, una majani makavu yanayokwaruza, na maseremala wa pwani walilainishia mbao kwa majani hayo kabla karatasi ya dukani haijafika. Karatasi ilipofika haikuletewa jina jipya. Ilipewa la mti. Ndivyo ninavyotaka istilahi zetu zifanye.

Kwa hiyo nina ombi la kitenzi kimoja zaidi. Betri ikilala, tunaazima nguvu kwa gari la jirani kwa nyaya mbili nene. Wengine husema kubusti, wengine kujampu. Lakini Kiswahili kilikuwa na kitendo hiki kabla ya magari: mtu moto wake ukizimika alikwenda kwa jirani na kigae, akachukua makaa mekundu, akawasha wa kwake. Huko ni kupalia moto. Palia betri. Tupalie kwa gari lako. Neno lina ndugu pacha anayemaanisha kung'oa magugu, na kwenye shamba hilo si kosa, ni uenyeji. Lina tahadhari pia, maana kumpalia mtu makaa ni kumzidishia balaa, na ndivyo unavyofanya ukikosea nyaya. Kwenye trekta ambayo mwili wake ni hasi, chanya kwa chanya kwanza. Kibano cha mwisho kabisa kishike chuma cha injini ya trekta iliyolala, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa hewa inayolipuka na cheche ya mwisho isiikute. Kibano cha mwisho, kwa maneno mengine, ni cha mwili.

Nimesema betri imelala. Tuache kusema imekufa kwa kila jambo. Iliyoishiwa usiku mmoja imelala, inapaliwa, inaamka. Iliyoachwa miezi bila chaji mpaka fuwele za chumvi ya risasi zikagandamana kwenye bamba zake ndiyo iliyokufa, ndiyo isiyochajika.

Na ile inayolala kila usiku ingawa mchana inachajiwa vizuri? Mafundi husema kuna kitu kinakula moto. Wengine husema unavuja, lakini kinachovuja hakina nia, na hiki kina mdomo. Kwenye shamba jina lake linatambaa kila mahali: kupe. Trekta ina kupe. Unamtafuta kwa kuchomoa waya mmoja wa betri, kuweka mita ya ampea katikati, na kutoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka sindano itulie. Fyuzi iliyoituliza ndiyo njia yake. Zikiisha fyuzi zote na sindano bado imesimama, mtazame anayejificha mahali pasipo na fyuzi: dayodi iliyopasuka ndani ya alteneta, inayouruhusu mkondo urudi nyuma usiku kucha. Asubuhi, kabla hujagusa swichi, weka kiganja juu ya alteneta. Ikiwa ina joto, kupe ni huyo.